Midi, Erie au Llangollen: ulinganisho wa safari za boti mferejini kwa anayeondokea Nairobi

Wapo wenzetu ambao Dubai wameimaliza, vichochoro vya Zanzibar wanavijua, na sasa wanatafuta likizo isiyo ya kukimbizana na mwongoza watalii. Kwao, boti ya mferejini ni wazo la kufikiriwa. Mnakodi boti yenye vyumba vya kulala, jiko, choo na bafu. Mfanyakazi wa kampuni anawafundisha kuiendesha, kufunga kamba na kujaza tangi la maji, kisha anashuka na kuwaachia. Kuanzia hapo mnasafiri wenyewe kwenye mfereji uliochimbwa miaka mia mbili au hata mia tatu na zaidi iliyopita, kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli anawapita bila kukaza. Mji mdogo ukiwapendeza, mnafunga kamba ukingoni na kulala hapo. Usipowapendeza, mnaendelea.

Swali ni mfereji upi. Mitatu ndiyo hutajwa zaidi: Canal du Midi wa kusini mwa Ufaransa, Erie wa jimbo la New York, na Llangollen unaovuka mpaka wa Uingereza na Wales. Nitaugusia pia wa nne, Pangalanes wa Madagaska, kwa sababu uko upande wetu wa dunia na viza yake haimnyimi mtu usingizi.

Wengi huchagua kwa picha, na picha za mifereji zote zinavutia. Mimi nasema kabla ya kuhesabu pesa, hesabu magoti. Nani kati yenu anaweza kuruka kutoka botini hadi ukingoni akiwa na kamba mkononi? Nani anaweza kupanda ngazi ya chuma iliyoota ukoko wa kijani? Wako wangapi, na wataweza kuifanya kazi hiyo mara kumi kwa siku? Ukishapata majibu hayo, mfereji unakaribia kujichagua wenyewe.

Kazi iko kwenye loki

Mfereji hupanda kilima kwa ngazi, na kila ngazi ni loki: chumba cha mawe au zege chenye malango mbele na nyuma. Boti inaingia, malango ya nyuma yanafungwa, maji yanaachiliwa kutoka juu, na chombo kinainuka mpaka kiwe sawa na mfereji wa mbele. Malango ya mbele yanafunguliwa, mnatoka. Kushuka ni kinyume chake, tena ni kutulivu zaidi. Mkiwa mnapanda, maji huingia kwa kishindo, na aliyeshika kamba ya omo, yaani ya mbele ya boti, asipoikaza kwa wakati, boti hujipinda, hugonga ukuta wa pili, na vyombo vyote kabatini huitikia.

Hapo ndipo mifereji hii mitatu inapotengana.

Midi, loki zina wafanyakazi au vitufe vya kujihudumia, kwa hiyo malango hamyasukumi ninyi. Kazi yenu ni kamba. Mkiwa mnapanda, mtu mmoja hushuka kabla ya kuingia, hutembea hadi juu, hudaka kamba anayorushiwa na kuizungusha kwenye nguzo fupi ya chuma. Kijana yeyote anaiweza, na mama wa miaka sitini anayetembea Karura kila Jumamosi anaiweza pia. Ila mjue kwamba saa ya chakula cha mchana loki hufungwa. Mkifika mkiwa mmechelewa kidogo, mtafunga kamba na kupika, kwani hakuna wa kubembelezwa.

Erie, wafanyakazi wa jimbo ndio wanaoendesha kila kitu. Mnapiga honi au kuita kwa redio, malango yanafunguka. Hakuna anayeshuka. Mnashikilia kamba zinazoning'inia ukutani huku boti ikipanda au kushuka, basi. Kamba hizo zina utelezi na uchafu wa msimu mzima, kwa hiyo glavu ni lazima. Vyumba vyenyewe ni vikubwa mno: loki namba 17 pale Little Falls huinua chombo zaidi ya mita 12 kwa mkupuo mmoja, na lango lake la chini halifunguki kwa pembeni, linainuliwa juu na boti hupita chini yake huku likidondosha maji kichwani.

Llangollen, mfanyakazi ni wewe. Unapewa mkono wa chuma wa kuzungushia vilango vya maji. Unaunganisha, unazungusha, unasubiri chumba kijae, kisha unaegemeza makalio kwenye boriti ya lango na kusukuma kwa miguu mpaka lisogee. Kisha unalifunga, maana anayekuja nyuma atakukasirikia ukiliacha wazi. Habari njema ni kwamba kwenye kilomita 74 hivi za mfereji huo kuna loki 21 tu. Habari ya pili ni kwamba sita kati ya hizo zimerundikana mahali pamoja, Grindley Brook, na tatu zimeunganishwa moja kwa moja, lango la juu la moja likiwa ndilo lango la chini la nyingine. Ukikosea mpangilio wa maji hapo, unamwaga mfereji kwenye njia ya watembea kwa miguu. Msimu wa wageni mara nyingi huwepo msimamizi wa kuwaelekeza, na ningemsubiri.

Midi: mfereji wenye miji mingi

Midi una urefu wa kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la pwani la Thau kando ya Mediterania. Aliyeujenga, Pierre-Paul Riquet, hakusomea uhandisi. Alikuwa mkusanyaji wa kodi ya chumvi aliyetajirika, akamshawishi mfalme Louis XIV mwaka 1666, akazamisha mali yake humo, na kufa mwaka 1680, miezi michache kabla ya mfereji kufunguliwa mwaka 1681. Kilichowashinda waliomtangulia ni maji. Mfereji unaovuka mgongo wa nchi hukauka kileleni, kwani kila loki inapofunguliwa maji hushuka pande zote mbili na hayarudi. Riquet aliyafuata kwenye vilima vya Montagne Noire, akayakusanya katika bwawa la Saint-Ferréol, akayaleta kwa mtaro hadi kilele cha Naurouze. Loki zake ni za mviringo wa yai kwa sababu zile za kwanza zilizonyooka kuta hazikustahimili msukumo wa udongo. Ndiyo maana hata leo boti nne hujibana humo zikigusana matumbo.

Mfereji mzima unataka wiki mbili za watu wenye subira. Mwenye wiki moja achague kipande, na kipande ninachokipendekeza kwa wanaoanza ni kile kinachoitwa Grand Bief: kilomita 54 kutoka Argens hadi Béziers bila loki hata moja. Mfereji unakumbatia vilima, unazunguka mashamba ya mizabibu, na mtu wenu mwoga kuliko wote anaweza kushika usukani bila kumwudhi yeyote.

Miji iko karibu karibu. Le Somail, ambako mashua za abiria na barua zilizokuwa zikivutwa na farasi zililaza wasafiri, ina daraja la mawe la mgongo, duka kubwa la vitabu vya kale, na jengo la mviringo lililokuwa la kuhifadhia barafu. Capestang inajulikana kwa mnara wa kanisa unaoonekana kabla hujafika, na kwa daraja lililo chini kiasi kwamba kila aliye juu ya boti huinama, na boti zenye kioo cha mbele hukilaza kwanza. Kampuni itawauliza mnapita wapi. Jibuni ukweli, kwa sababu boti nyingine hazipiti hapo kabisa.

Halafu kuna Malpas, na hapa ningewasihi mtoe nusu siku nzima. Kilima kilimzuia Riquet njia na maadui zake wakaanza kusherehekea. Akakitoboa. Ni mtaro wa urefu wa mita 160 na ushei tu, lakini ulikuwa wa kwanza Ulaya kupitisha mfereji wa vyombo chini ya ardhi. Chini ya mtaro huo upo mwingine wa zamani zaidi, na reli nayo imetoboa kilima hichohicho. Fungeni kamba, pandeni hadi mabaki ya mji wa kale wa Ensérune, mtazame upande wa kaskazini. Mtaona bwawa la Montady lililokaushwa mwaka 1247: mashamba yamekatwa vipande kama chapati inayogawiwa watoto, kila mpaka ukielekea kwenye kitovu kimoja. Ile mitaro kati ya mashamba hukusanya maji katikati, na mtaro ule wa zamani chini ya kilima huyatoa nje. Karibu miaka 800 baadaye bado unafanya kazi. Kwa mtu wa Nairobi ambaye mvua ya saa moja humzuia barabarani hadi usiku, ni ziara inayoumiza kidogo.

Mwisho wa kipande hicho ni ngazi ya loki za Fonseranes, vyumba sita mfululizo vya kushukia Béziers, na watazamaji wamejaa pande zote. Mkivuruga kamba hapo, mnavuruga mbele ya hadhara. Huna lazima ya kushuka. Wengi hufunga boti juu, hutembea hadi mjini, hugeuza.

Midi una kasoro mbili. Kwanza ni miti. Mfereji huu ulitukuzwa kwa safu zake za miti ya plane, takriban 42,000, iliyopandwa ukingoni na kuufunika mfereji kwa kivuli. Mwaka 2006 uligunduliwa ugonjwa wa ukungu usio na tiba, na tangu hapo miti kwa maelfu imekatwa na kuchomwa. Mipya inapandwa, ila mche hauna kivuli. Vipande fulani Julai huwa jua kali mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mwenye uhuru wa kuchagua aende Mei, Juni mwanzoni, au Septemba wakati wa mavuno ya zabibu. Pili ni lugha na saa za maduka. Kwenye ofisi ya boti Kiingereza kipo. Kwa muuza mikate wa kijijini mara nyingi hakipo, na akifunga mchana amefunga.

Chakula ni sababu mojawapo ya kwenda. Castelnaudary, mbele zaidi magharibi, inajidai ndiyo kwao kasule, maharagwe meupe yanayochemka kwa saa nyingi na bata na soseji. Muislamu ajue kuna nguruwe ndani. Toulouse na Béziers zina bucha za halali za Wafaransa wenye asili ya Maghreb, na boti ina friji, kwa hiyo mtu hujaza pale anapoanzia. Usibebe nyama wala maziwa kutoka nyumbani, Ulaya haviruhusiwi kuingia na mgeni. Unga wa mahindi hupatikana huko kwa jina la polenta. Punje zake ni kubwa kuliko za unga wetu, lakini ugali wake unashika.

Erie: kwa wenye ndugu Marekani

Erie ni kijana ukilinganisha na Midi, ila ulibadilisha nchi zaidi. Kazi ilianza tarehe 4 Julai 1817 pale Rome, New York, na ilipokamilika Oktoba 1825 mfereji ulikuwa na urefu wa kilomita 584 na loki 83, ukiunganisha mto Hudson na ziwa Erie. Waliomcheka gavana DeWitt Clinton waliuita mtaro wa Clinton. Baadaye gharama ya kusafirisha tani moja ya mzigo kati ya Buffalo na jiji la New York ikashuka kutoka dola 100 hivi hadi takriban 10, na kicheko kikakoma.

Jambo ambalo matangazo hayasemi ni kwamba Erie wa leo si ule wa 1825. Uliopo ulipanuliwa kwa ajili ya matishari na kufunguliwa mwaka 1918, na upande wa mashariki mara nyingi ni mto Mohawk uliozibwa, mpana, wenye kingo za mbali. Ukikodi upande huo unaweza kujiuliza mfereji uko wapi. Nenda magharibi. Chukua boti maeneo ya Macedon, karibu na Rochester, uelekee Lockport. Loki chache ziko mwanzoni, kisha unapata karibu kilomita mia moja za maji ya usawa mmoja. Sehemu nyingine mfereji umeinuliwa juu ya mashamba, na karibu na Medina barabara inapita chini yake: magari yako chini, boti ziko juu.

Miji hapa imejipanga kwa daraja: Fairport, Spencerport, Brockport, Albion, Medina, Middleport. Kila mmoja una daraja la chuma linaloinuka zima, bila kupinduka, ili boti ipite. Unaita, magari yanasimamishwa, daraja linapanda, mwendeshaji anakupungia mkono. Wengine husimamia madaraja mawili, kwa hiyo akikupitisha hapa huingia garini na kwenda kukusubiri kwenye la pili. Daraja la Fairport limejengwa kwa mshazari, upande mmoja juu kuliko mwingine. Medina ina majengo ya mawe mekundu yaliyochimbwa hapohapo. Lockport, ngazi ya loki tano za kale imeachwa ionekane ubavuni mwa loki mbili kubwa za sasa. Miji mingi ina gati, umeme na bafu karibu na daraja, bure au kwa ada ndogo, na hapo Erie unaupiku Midi waziwazi.

Kwa Mwafrika kuna la ziada. Rochester ndiko Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, alikochapisha gazeti lake la The North Star kuanzia 1847, na kaburi lake liko makaburi ya Mount Hope mjini humo. Ukielekea upande wa pili, kupitia tawi la Cayuga na Seneca, unafika Seneca Falls, ulipofanyika mkutano wa haki za wanawake Julai 1848. Douglass alikuwepo na alisimama kuunga mkono dai la wanawake kupiga kura. Chama cha akina mama wanaopenda historia kingefanya safari nzima kwa ajili ya vituo hivyo viwili.

Kasoro? Boti za kukodi ni chache kuliko Ufaransa, hivyo huwezi kuamua Mei kwa ajili ya Julai. Msimu ni mfupi, kuanzia Mei katikati hadi Oktoba katikati. Maduka makubwa ya vyakula mara nyingi yako nje ya mji, kando ya barabara kuu, bila njia ya miguu. Na sheria ya New York inadai cheti cha usalama kwa waendeshaji wa boti za injini, kwa hiyo uliza kampuni mapema kama mafunzo yake yanatosha kwa mkodishaji.

Lakini hakuna familia ya Nairobi isiyo na binamu Minnesota, dada Dallas au shangazi Boston. Hao wanaweza kuwakuta Rochester kwa ndege ya ndani, wakaleta gari, wakanunua vyakula, na wiki moja ya boti ikawa mkutano wa ukoo ambao kila mwaka mnauahirisha. Midi hauwezi kukupa hilo.

Llangollen: kwa wawili wanaopenda kazi

Boti ya hapa ina upana wa mita mbili na nukta, kwa kuwa loki ndivyo zilivyo, na urefu unaoweza kufika mita 21. Usukani wake si gurudumu. Ni kana, ileile anayoshika nahodha wa jahazi Lamu, na ukiisukuma kushoto omo huenda kulia. Aliyekulia Nairobi atahitaji saa kadhaa za kugonga kingo kabla mkono haujakubali.

Watu huja kwa ajili ya daraja la maji la Pontcysyllte. Thomas Telford na William Jessop walilijenga kati ya 1795 na 1805: karai la chuma lenye urefu wa mita 307, juu ya nguzo za mawe, mita 38 kutoka mto Dee. Upande mmoja kuna njia ya miguu na reli ya kujizuia. Upande wa pili hakuna kitu. Ukingo wa karai unaishia sentimita chache juu ya maji, kwa hiyo aliyesimama kwenye shetri, nyuma ya boti, akitazama upande huo haoni chuma wala ukuta, anaona vilele vya miti chini yake. Mwenye kuogopa kimo aketi ndani na kuchemsha chai. Husemwa kwamba chokaa ya nguzo ilichanganywa na damu ya ng'ombe. Kipande hicho, pamoja na daraja la maji la Chirk na handaki lake la giza la mita 421, kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2009. Midi uliingia 1996.

Miji ni michache: Whitchurch, Ellesmere yenye vidimbwi vyake, Chirk, Llangollen. Ni mizuri bila makeke, na katikati yake ni malisho ya kondoo kwa saa nyingi. Julai yake haina tofauti kubwa na Julai ya Nairobi, pamoja na mawingu, ila mvua haina ratiba. Kabla ya kulipa, soma taarifa za kufungwa kwa mifereji zinazotolewa na Canal & River Trust, shirika linaloisimamia, kwa sababu kingo za udongo za miaka mia mbili huharibika na njia inaweza kukatika katikati ya safari yako.

Pangalanes, na kwetu pia

Pangalanes si wa kukodi boti na kujiendesha. Ulianza kuchimbwa miaka ya mwisho ya karne ya 19, chini ya gavana Mfaransa Joseph Gallieni, kwa shokoa ya Wamadagaska, ukaunganisha mito na mabwawa ya pwani ya mashariki kwa zaidi ya kilomita 600 kuanzia Toamasina kuelekea kusini. Hapa unakodi mashua pamoja na nahodha, unalala kwenye nyumba za wageni kando ya ziwa Ampitabe, unaona lemuri, unapishana na mitumbwi ya mkaa na samaki. Sehemu nyingine zimezibwa na magugu maji, jambo ambalo mtu wa Kisumu halihitaji kuelezewa. Kenya Airways hufika Antananarivo, viza hupatikana unapowasili, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano usiisahau. Epuka Januari hadi Machi, ni msimu wa vimbunga.

Na anayedhani mifereji ya vyombo ni mambo ya ng'ambo tu aende Kipini. Mfereji wa Belezoni ulichimbwa karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, na mto ukaipenda njia hiyo mpya. Hakuna kampuni ya boti za kitalii pale, lakini historia ipo.

Viza, ndege na mfuko

Ufaransa ni viza ya Schengen, ada yake euro 90 kwa mtu mzima, na maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Uingereza si Schengen, ni viza ya pekee, ada yake ni zaidi ya pauni 100. Marekani ni dola 185 za maombi na mahojiano ubalozini Gigiri, na hapo tatizo ni foleni ya tarehe kuliko ada. Mwenye viza ya Marekani ambayo bado hai kwa sababu alimtembelea mwanawe tayari ameshavuka mlima. Kwake Erie ndio rahisi kuliko yote.

Kwa ndege, Paris na London ni saa nane au tisa kutoka JKIA, na New York ni safari ya moja kwa moja ya Kenya Airways ya saa kumi na tano hivi. Baada ya Paris kuna treni ya saa nne na kitu hadi Béziers. Baada ya New York, treni ya saa saba hivi hadi Rochester. Kwa Llangollen kuna kituo cha reli Chirk kwenyewe.

Boti hulipiwa kwa wiki, chombo kizima, si kwa kichwa. Watu sita hugawana gharama ileile ambayo wawili wangebeba peke yao, na ndiyo maana safari hii inafaa vyama kuliko maharusi. Bei hupanda sana Julai na Agosti. Ufaransa mafuta mara nyingi huhesabiwa kwa saa za injini na kulipwa mwishoni, nje ya bei uliyoiona. Kuna pia amana ya uharibifu inayozuiliwa kwenye kadi. Kadi ya debiti huenda isikubaliwe. Na boti inayotangazwa ya watu sita kwa kawaida ni vitanda vinne na meza ya kulia inayogeuzwa kitanda, maana yake wawili hawawezi kulala mpaka wengine wamalize karata. Mkiwa sita, kodini ya wanane.

Nani aende wapi

Kikundi cha watu wazima sita au wanane, wengi hawajawahi kushika usukani wa chombo, wanapenda kula na kutembea mijini: Midi, kipande cha Grand Bief, Mei au Septemba. Hilo ndilo chaguo langu kwa Wanairobi wengi, na silioni likishindwa kirahisi.

Mkiwa na nyanya wa miaka sabini na tano ambaye anataka kuja lakini hatamruka mtu wala kamba, basi Erie, hata kama ndege ni ndefu. Atakaa kwenye kiti chake tangu Macedon hadi Lockport na wafanyakazi wa loki watamwamkia. Watoto wadogo pia wanafaa zaidi huko, kwa sababu ya bustani na aiskrimu karibu na kila gati, na kwa sababu watakielewa kila kinachosemwa.

Wawili wenye afya, wanaopenda kutokwa jasho na hawahitaji mji kila jioni, waende Llangollen, wachukue boti Chirk au Trevor ili wavuke Pontcysyllte bila kupoteza siku tatu njiani. Watu wasio na subira ya kusubiri viza, au wenye siku tano tu, Pangalanes.

Ambaye singempeleka popote kati ya hizi ni yule anayetaka kuona nchi nzima kwa wiki moja. Boti ya mferejini kwa siku nzima husogea umbali ambao basi la Nakuru humaliza kabla ya chai ya saa nne, na mtu wa namna hiyo akishikwa na loki iliyofungwa kwa chakula cha mchana atawaharibia wote.

Mkishachagua, anzeni na tarehe ya viza, ndipo muweke boti. Kampuni itadai malipo ya awali, kwa hiyo itakeni iandike ni kiasi gani mtarudishiwa viza ya mmoja wenu ikikataliwa, na barua ya uthibitisho iwe na majina yote jinsi yalivyo kwenye pasipoti. Glavu za kushikia kamba nunueni hapa. Zile za mjengo za Gikomba zinatosha kabisa, na jozi mbili kwa kila mshika kamba, maana ya kwanza italowa siku ya kwanza.